Sufuria ya watu tisa

Siku ile nilitoka zamu ya usiku, nikaingia lupangoni, yaani uani kwetu, saa kumi na mbili asubuhi, na kabla sijavua viatu nikashika jembe. Watoto walikuwa bado wamelala. Nyuma ya mwembe nilichimba shimo la kina cha goti, nikamimina humo beseni zima: samaki wanne wa Thomson waliokwisha kunuka, sombe (kisamvu) ya Jumapili iliyoanza kutoa povu, madonge ya bukari (ugali wetu) yaliyokauka mpaka yakapasuka, na nyama fulani ndani ya mfuko ambao sikuthubutu kuufungua. Nikafukia, nikakanyaga udongo, nikasogeza majani makavu juu yake kama mwizi anayeficha alichoiba.

Sikutaka jirani aone. Jioni ya jana yake alikuwa amemtuma mtoto kwetu kuomba unga, nami nikampimia vikombe viwili, nikamwambia asirudishe, nikajiona mtu mwema kabisa. Bukari iliyoingia kwenye lile shimo ilikuwa imekula unga wa vikombe vinne, labda vitano.

Nieleze kwanza nyumba yetu ilivyo. Mimi ni muuguzi. Bwana yangu anafanya kazi mgodini upande wa Kolwezi: wiki tatu huko, wiki moja hapa Lubumbashi. Tuna watoto watatu wa shule, na mtoto wa yaya yangu, yaani dada yangu mkubwa, anakaa nasi kwa ajili ya chuo. Huyo ndiye anayeshika jiko siku ninazokuwa kazini, na siku hizo ni nyingi. Kwa hiyo wiki tatu kati ya nne tuko watano mezani. Zamani tulikuwa tisa, maana mashemeji wawili na mama mkwe walikuwa hapa hapa. Shemeji mmoja akaoa akahama, mwingine akapata kazi Likasi, na mama mkwe akamfuata huyo wa Likasi kwa kuwa ni kitinda mimba wake na hajui hata kuchemsha chai. Watu wakaondoka mmoja mmoja. Sufuria ikabaki.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba sikulelewa hivyo. Nilizaliwa kambini, baba akiwa mfanyakazi wa mgodi, na nyumba yetu iliishi kwa posho. Watu wa umri wangu katika mji huu wanajua ninachosema. Tangu enzi za Union Minière, kampuni ya migodi ya Wabelgiji, na kwa miaka mingi baada ya kutaifishwa mwaka 1967 na baadaye kuitwa Gécamines, mfanyakazi hakupewa pesa peke yake, alipewa na chakula: unga wa mahindi, maharagi, kalanga, mafuta ya mawese, chumvi, samaki. Siku ya posho mama alimimina unga wote katika pipa, kisha akachukua kipande cha makala, yaani makaa, akainama mpaka kichwa kikapotea ndani ya pipa, akachora mistari ukutani mwake. Kila mstari ulikuwa wiki moja. Unga ukishuka chini ya mstari kabla ya Jumapili, Ijumaa na Jumamosi tulikunywa uji, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Sikumbuki kuona bukari ikitupwa kwa mama. Iliyolala, ambayo wenzetu wa pwani wanaiita kiporo, ilikatwa vipande, ikawekwa juu ya mbabula, jiko la makala, mpaka ikapata ngozi ya kahawia, ikaliwa na chai yenye sukari. Tuliipigania.

Basi mtoto wa mama huyo ndiye aliyekuwa anachimba shimo alfajiri.

Nilichofanya kwanza hakikuwa cha akili nyingi. Nilichukua daftari la mwanangu wa kati ambalo lilikuwa limebaki kurasa chache, nikalifunga kamba, nikalitundika kwenye msumari wa mlango wa jiko pamoja na kalamu. Nikasema: kwa wiki mbili, kila kinachotupwa katika nyumba hii kiandikwe, na sababu yake. Hakuna kugombezwa. Hilo la kutogombezwa ndilo lililolifanya daftari liseme kweli, na pia ndilo lililonigharimu, maana siku ya tatu nilikuta mtoto wa yaya ameandika: "Mboga ya lengalenga, vifungu viwili, vimekuwa njano. Sababu: mama mdogo alinunua vingi akasema bei nzuri." Kifungua mimba wangu naye aliandika: "Mkate. Sababu: umekuwa tofali."

Nilidhani daftari litajaa samaki na nyama, kwa kuwa hivyo ndivyo vinavyouma mfukoni siku ya kununua. Sivyo. Katika siku kumi na nne, bukari ilikuwamo siku kumi na moja, na sababu ilikuwa neno moja lile lile: ilibaki, ilibaki, ilibaki. Donge moja halimtishi mtu. Ukiyasoma kumi na moja yamepangwa chini ya mwandiko wa watoto wako mwenyewe, unakaa kwenye kigoda.

Na hayo yalikuwa ya unga, jamani, kitu ambacho mji huu unakitazama kama mgonjwa anavyotazama kipimajoto. Sehemu kubwa ya unga tunaokula huku inapita mpakani Kasumbalesa kutoka Zambia. Mwaka 2024 ukame uliposhika kule, hata rais wao akatangaza janga la taifa mwezi wa pili, na karibu hekta milioni moja za mahindi zikaharibika, sisi huku hatukuhitaji redio kutuambia. Tulijua kwa kuuliza bei katika soko la hapa mjini liitwalo Kenya na kuondoka bila kununua. Nyumbani kwangu mfuko wa kilo 25 ulikuwa unaisha siku ya kumi na nane. Nilikuwa nawalaumu watoto kwamba wanakula sana.

Jumamosi moja nikakaa jikoni nisifanye lolote, nimtazame tu mtoto wa yaya akisonga. Maji yakachemka. Akachukua ile sahani ya bati yenye maua mekundu, akachota unga wa kwanza, akaukoroga kuwa uji, akaacha utokote. Kisha sahani ya pili. Ya tatu. Akasonga, jasho likamtoka, akaangalia ndani ya sufuria, akakunja uso kidogo, akaongeza nusu sahani. Nikamwuliza: "Hiyo nusu ya nini?" Akanitazama kama nimemwuliza kwa nini anavuta pumzi. "Mama mdogo, ndivyo bibi alivyonifundisha."

Bibi ni mama mkwe. Alimfundisha tulipokuwa tisa.

Nikaleta dawa ya haraka: kikombe cha kupimia, vikombe viwili kwa kila mtu mzima, kimoja na nusu kwa mtoto. Ilidumu siku nne. Si kwamba msichana alikataa. Shida ni kwamba sufuria yenyewe ilikuwa pana kama beseni la kuogea mtoto, na bukari ya watu watano ndani yake ilionekana kama kitu kilichosahauliwa chini. Mkono unaona nafasi, unaijaza. Aliongeza maji kidogo ili yasikauke upesi, maji yakataka unga, na siku ya tano tukarudi sahani tatu na nusu. Hata mimi zamu yangu ilipofika nilifanya vile vile, na mimi ndiye niliyeleta kikombe! Nikaelewa kuwa naweza kuhubiri mpaka Pasaka na ile sufuria bado itanishinda.

Mama wa kwaya walikuwa na kilio Katuba wakatafuta vyombo. Nikawapa sufuria. Waliporudisha sahani nyingine nikawaambia hiyo kubwa wakae nayo, itatufaa sote siku ya shughuli. Nikanunua nyingine, ambayo ukisonga sahani mbili na nusu inajaa mpaka shingoni, ukizidisha unamwagia jikoni. Watoto waliifanyia mzaha kwa wiki nzima. Mdogo aliuliza kama tumekuwa maskini. Lakini mfuko uliofuata ulifika siku ya ishirini na nne, na uliofuata huo siku ya ishirini na tano. Nikanunua pipa dogo la plastiki lenye kifuniko, nikamimina unga, nikachora mistari kwa nje kwa kalamu ya wino mzito. Mama angesema wa nje si mstari, unafutika.

Mtoto wa yaya, ambaye sasa amekuwa mtaalamu, alinionyesha kwenye simu ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024. Wanasema mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, wakihesabu humo na maganda na mifupa, na katika kila kilo mia, sitini zilitoka majumbani mwa watu. Hoteli na maduka yote kwa pamoja hayatufikii. Wastani wao ni kilo 79 kwa mtu kwa mwaka, na kati ya nchi tajiri na zile za kipato cha kati tofauti ni kama kilo saba tu. Nilikuwa nimezoea kudhani haya ni mambo ya Wazungu na majokofu yao. Shimo la nyuma ya mwembe lilikuwa limeshanijibu, lakini inasaidia kujua kwamba hukuwa peke yako.

Sasa friji. Hapa aibu yangu ni ya namna nyingine, maana inagusa kazi yangu.

Kituoni tuna friji ya chanjo. Ndani yake mna kipimajoto, na mlangoni karatasi. Asubuhi tunaandika nyuzi, jioni tunaandika tena, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Inatakiwa ikae kati ya 2 na 8. Umeme ukikatika hakuna anayeifungua kuchungulia. Ikichelewa, chanjo zinahamishiwa kwenye sanduku la baridi lenye vipande vya barafu. Nimefanya hivyo miaka. Kisha narudi nyumbani, umeme umekatika tangu juzi, nafungua friji yangu mara sita kwa jioni moja, "nione kama bado kuna baridi", na kila nikiona naitoa hiyo baridi nje. Chanjo ya mtoto wa mwenzangu naihesabia nyuzi. Samaki wa wanangu namwachia Mungu.

Friji iliyofungwa vizuri inahimili kama saa nne bila umeme. Sehemu ya kugandisha ikiwa imejaa na haifunguliwi inaweza kufika saa 48. Ikiwa nusu, kama saa 24. Neno lenye faida hapo ni kujaa. Ya kwangu ilikuwa inakaa tupu mpaka siku ya mshahara, halafu siku hiyo inapokea kilo tano za samaki kwa mkupuo, umeme unakatika kesho yake. Siku hizi nafasi zote tupu zimekaliwa na chupa za plastiki za maji, zimegandishwa. Umeme ukienda, chupa tatu zinashuka chini kukaa na maziwa na mboga, na mlango unafungwa kwa kitambaa chekundu. Kitambaa kikiwa pale, hata bwana yangu haruhusiwi kufungua. Aliporudi mara ya kwanza akakikuta, alisimama mbele ya friji yake mwenyewe kama mgeni, akaniita: "Mama, hii ni friji au ni hekalu?"

Na samaki sinunui tena wa wiki mbili. Nanunua wa siku mbili. Tukitaka akiba tunaweka samaki wakavu, bitoyo na ndakala, ambao hawajui umeme ni nini. Sombe ndiyo pekee ninayopika nyingi kwa makusudi, kwa kuwa kuitwanga na kuichemsha kunakula makala na saa, na inapoganda haiharibiki ladha. Naigawa katika vifuko vya mlo mmoja mmoja siku ile ile, ikishapoa. Zamani nilikuwa naigandisha kwenye bakuli moja kubwa, naiyeyusha yote, tunakula robo, iliyobaki inarudi, na mchezo ukirudiwa mara tatu ndipo povu.

Lengalenga na kalembula nimeacha kununua kwa bei nzuri. Mama anayepita na beseni kichwani anapita kila siku, basi ananiuzia kifungu kila siku, naye amefurahi kuliko mimi. Mkate tumepunguza kutoka mitano hadi mitatu. Ukiwa tofali, unachovywa kwenye yai. Kuhusu mkate wa shule, niligundua unarudi ndani ya mfuko kwa sababu mapumziko yote ni mpira. Sikupata dawa. Unarudi mpaka leo, unaliwa saa tisa.

Lakini lazima niseme na upande wa pili, maana nilipitiliza. Mtu aliyeanza kuokoa chakula huwa kama mtu aliyeokoka juzi, hana kiasi. Mwezi wa kumi na moja nilinunua mfuko mzima wa kalanga, nikauweka sakafuni kwenye kona ya stoo. Mvua zikaanza. Nilipoufungua baadaye, vumbi la kijani lilinipanda puani, na kalanga za chini zilikuwa zimekunjamana na kuwa nyeusi. Nikaketi kuzichambua. Nzuri huku, mbaya kule. Nikawaza: nikizikaanga vizuri, nani atajua? Nilichambua karibu saa nzima, mimi, muuguzi, kwa ajili ya kulinda daftari langu lisiandikwe "kalanga, mfuko".

Halafu nikamkumbuka mwalimu wetu wa chuo. Alitusimulia habari za Uingereza mwaka 1960, ambako batamzinga zaidi ya laki moja walikufa na watu hawakujua ugonjwa, mpaka ikaonekana wote wamelishwa mashudu ya kalanga yaliyoota ukungu. Hapo ndipo aflatoksini ilipojulikana. Vifaranga vya bata vilikufa pia. Sumu hiyo haiondoki kwa kukaanga wala kuchemsha, haionekani kwa jicho katika ile kalanga uliyoiita nzuri, na kazi yake ni kula ini polepole kwa miaka. Nikazirudisha nzuri na mbaya pamoja mfukoni. Hazikwenda hata kwa bata wa jirani, ambao kwa kawaida ndio wanaopokea maganda yetu yote na makombo. Zilifukiwa mchana kweupe, na jirani aliponiuliza nikamweleza, naye akaenda moja kwa moja kukagua za kwake.

Wali nao nimekuwa mkali. Ukishapoa unaingia kwenye baridi; kama hakuna baridi unaliwa au bata wanaalikwa. Kupasha moto wali uliolala mezani usiku kucha kwenye joto la mwezi wa kumi ni kutafuta wagonjwa, na wagonjwa ninao wa kutosha kazini.

Mwezi uliopita mama mkwe alikuja kutoka Likasi. Nilikuwa namngoja kwa hofu ambayo mama yeyote aliyeolewa ataielewa. Kwake yeye bukari inayobaki ni heshima ya nyumba. Mgeni hapigi hodi kwanza akapikiwe, mgeni anakuta. Siku ya kwanza alitazama sufuria mpya ikiwa juu ya mbabula, hakusema kitu. Akala. Siku ya pili akasema kwa sauti ya chini, ile ya kutisha: "Mwanangu, njaa imeingia humu?" Nikamwonyesha pipa na mistari. Aliinama kuitazama, akapitisha kidole juu ya wino, akasema tu kwamba wa makala ulikuwa bora.

Siku ya tatu, saa saba mchana, wakaingia wageni watatu waliotoka mazikoni Ruashi, bila hodi ya simu wala nini, na bukari yetu ilikuwa imeshaisha, sufuria imeshaoshwa. Nilimwona mama mkwe akinitazama. Mtoto wa yaya aliwapelekea kinywaji cha munkoyo kilichobaki tangu jana, akawasha makala, maji yakachemka, sahani moja na nusu ikasongwa, kifuko kimoja cha sombe kikapata moto. Wageni walikula ikiwa inatoa moshi, wakanawa, wakashukuru, wakasema hawajala bukari ya moto tangu alfajiri. Hakuna kilichobaki zaidi ya ukoko, na mwanangu mdogo alikuwa tayari ana kijiko mkononi.

Jioni mama mkwe alikuja kukaa nami mlangoni pa jiko. Alilisoma daftari, ambalo bado liko kwenye msumari ingawa sasa linakaa siku tano sita bila kuandikwa. Alicheka kidogo kwenye "tofali". Kisha akauliza, kana kwamba ndiyo kwanza imemjia, ile sufuria kubwa iko wapi.

"Iko kwa mama wa kwaya, Mama."

Akanyamaza muda mrefu.

"Waambie wasiikwangue kwa chuma," akasema. "Ile ni ya posho, mume wangu ndiye aliyeileta."